Makasisi wawili na wanawake 16 wa Ascott

Kwa mkazi wa kijiji cha Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, parokia ndiyo iliyokuwa serikali. Kikao chake, vestri, kilitoza kodi, kilisimamia barabara, na kiliamua mjane yupi asaidiwe na yupi aachwe. Aghalabu kasisi ndiye aliyekiongoza.

Bunge lilianza kuyapunguza mamlaka hayo. Sheria ya 1834 iliziunganisha parokia katika vyama vya kuhudumia maskini. Aliyeomba msaada angeweza kupelekwa nyumba ya kazi, yaani makao ambamo maskini walifanyishwa kazi ili watunzwe, mume akatengwa na mkewe na watoto. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha. Kwetu watunza nyaraka hiyo ni neema, maana ramani zilizochorwa kwa ajili hiyo zinaonyesha kila kipande cha shamba, mwenyewe na mpangaji wake. Julai 1837, siku chache baada ya Victoria kurithi ufalme, serikali ikaanza kuandikisha vizazi na vifo yenyewe.

Hata hivyo, kasisi alibaki na nguvu, hasa pale alipokuwa pia hakimu.

Februari 1872, huko Wellesbourne, Warwickshire, Joseph Arch, fundi wa kupogoa nyua za miti za mashamba na mhubiri wa Kimethodisti, aliwahutubia vibarua chini ya mti na kuwahimiza waunde chama cha wafanyakazi. Walidai mshahara wa shilingi 16 kwa wiki. Vuguvugu likafika Ascott-under-Wychwood, Oxfordshire. Mwaka 1873 mkulima mmoja aliwaleta vijana wawili wa kijiji jirani wafanye kazi ya waliogoma, na wanawake wakawazuia njiani. Kesi ikasikilizwa Chipping Norton. Mahakimu walikuwa wawili, wote makasisi! Wanawake 16 walifungwa kwa kazi ngumu, siku saba au kumi, baadhi wakiwa na watoto wachanga mikononi. Usiku ule mji ulichafuka kwa ghasia.

Ninavyoona mimi, hukumu ile iliudhi watu kuliko hotuba yoyote ya chama. Vibarua wa mashambani walipata kura mwaka 1884, na mwaka uliofuata Arch akaingia bungeni. Kisha sheria ya 1894 ikaunda mabaraza ya kuchaguliwa katika parokia zenye watu 300 au zaidi, wanawake wakiruhusiwa kupiga kura na kugombea. Kasisi aliyetaka kiti sasa alishindana na kibarua wake.