Je, wajua kwa nini safu za gazeti ni nyembamba?

Nilipokuwa mtoto Wete, kisiwani Pemba, bajia za jioni zilifungwa kwa kipande cha gazeti. Kilikuwa kidogo, kiasi cha viganja viwili, na bajia zikiisha nilikuwa nakikunjua, nakifuta mafuta kwa mkono na kukisoma palepale kando ya barabara. Kilichonishangaza ni kwamba mara nyingi habari ilisomeka. Pembeni palikuwa na maneno yaliyokatwa, nusu ya uso wa mtu, tangazo lisilo na kichwa. Lakini katikati ilisimama safu moja iliyosalimika, nikaishuka kutoka juu hadi chini bila kukosa neno. Niliwahi kujaribu kipande cha kitabu kilichochanika vivyo hivyo. Hakikunipa hata sentensi moja.

Basi kwa nini gazeti huandikwa kwa safu nyembamba, na kitabu mstari wake huenda ukingo hadi ukingo?

Tuanze na jicho. Tukisoma tunadhani jicho linateleza juu ya mstari kama ngalawa majini, kumbe linaruka. Huruka herufi saba mpaka tisa hivi, likatua karibu robo ya sekunde, likachota lilichokiona, likaruka tena. Mstari ukiisha lina safari ya kurudi kushoto kuutafuta mstari unaofuata. Safari hiyo ikiwa ndefu jicho hukosea njia: hurudia mstari uleule, au hupita mmoja bila kujua. Kitabu hujikinga kwa herufi kubwa kidogo na nafasi ya kutosha baina ya mistari, na ndiyo maana mstari wake huweza kubeba herufi 45 hadi 75 bila kumchosha msomaji. Gazeti halina anasa hiyo. Karatasi ni ghali na habari ni nyingi, kwa hiyo herufi hufinywa na mistari hubanwa. Linalobaki ni kufupisha mstari wenyewe. Safu ya magazeti yetu ya kila siku huchukua herufi 30 hivi, ambazo ni miruko minne tu ya jicho.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, nenda Jaws Corner, baraza ya kahawa pale Mji Mkongwe wa Unguja, asubuhi, wakati kahawa ingali moto. Hakuna anayelifungua gazeti likatandaa, maana barazani watu wamekaa bega kwa bega na upepo wa bahari haumwachii mtu karatasi. Mzee hulikunja mara mbili, akalikunja tena, mpaka likabaki pana kama sahani. Mkono mmoja una gazeti, mwingine una kikombe. Anashuka na safu, akifika chini analigeuza, anaanza safu ya pili. Mara nyingi anawasomea wenziwe kwa sauti, na kwa mstari mfupi kama ule hapotei hata akikatizwa na mtu anayebisha.

Lakini wapiga chapa wa mwanzo hawakuwa wakilifikiria jicho peke yake. Walikuwa na madini ya risasi mikononi. Kila herufi ilikuwa kijipande cha madini, na mpangaji aliziokota moja moja na kuzipanga kwenye kitrei alichokishika mkononi. Unguja iliijua kazi hii mapema. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alikuwa na mtambo wake hapa, Sultani Barghash naye akaleta wake na kuchapa vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, ya madhehebu ya Kiibadhi, mwaka 1888 wamisheni wakaanzisha jarida la Kiswahili liitwalo Msimulizi, na mwaka 1892 likatoka gazeti rasmi la Serikali kwa Kiingereza. Kwa kazi ya mkono namna hiyo safu nyembamba ni rehema. Habari ndefu huchanwa vipande, kila mpangaji akachukua chake, kisha vipande hivyo hupangwa kimoja chini ya kingine. Kosa likionekana, unafumua mstari mmoja mfupi.

Uingereza iliongeza sababu yake: kodi. Kuanzia mwaka 1712 magazeti yalitozwa kodi kwa kila karatasi, na karatasi kubwa haikulipa zaidi kwa kadiri ya ukubwa wake. Wachapishaji wakafanya ambalo mfanyabiashara yeyote angelifanya, wakaikuza karatasi mpaka ikawa kama kitambaa cha meza. Kodi ile ilikuja kufutwa mwaka 1855, na kurasa zikawa zimeshapanuka, zimejaa safu nyingi zilizosongamana.

Halafu ikaja mitambo ya kuzunguka. Miaka ya 1840, Richard Hoe wa New York alifunga herufi za risasi juu ya pipa linalozunguka kwa kasi. Herufi zingerushwa kama changarawe, akazibana kwa vyuma vyembamba vilivyopita baina ya safu na safu. Vyuma hivyo havikuruhusu kichwa cha habari kuvuka kutoka safu moja kwenda nyingine, ndiyo maana ukitazama magazeti ya zamani hizo, hata habari ya vita ina kichwa chembamba kilichoshuka chini badala ya kutanda. Mwaka 1886 ikaingia Linotype, mashine iliyosubu mstari mzima kwa mara moja, nayo ilikuwa na kikomo cha upana iliouweza. Hata herufi zenyewe zilichorwa kwa kufuata safu: Times New Roman, ambayo nusu ya barua za maofisini kwetu zimeandikwa kwayo, ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London lililoanza kuitumia mwaka 1932, na wembamba wake ni wa kuingiza maneno mengi mahali padogo.

Leo risasi imekwenda makumbusho. Kompyuta inaweza kukupa mstari wa upana wowote. Safu imebaki kwa sababu jicho ni lilelile, na kwa sababu moja nyingine isiyosemwa sana: tangazo huuzwa kwa sentimita za safu. Safu ni futikamba ya gazeti. Ukiibadilisha upana, umebadilisha bei.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, maana safu hii tumeipokea tayari imeshonwa, na imeshonwa kwa mwili wa lugha nyingine. Kiingereza kina maneno mafupi mengi, na katika mstari wa herufi 30 huingia matano au sita bila taabu. Kiswahili hujenga neno kwa kulibebesha: mtendaji, wakati, mtendwa na kukanusha vyote ndani ya neno moja. Tuseme mwandishi ameleta sentensi hii: "Viongozi wanaoshughulikia migogoro ya ardhi hawakukubaliana." Ipange kwenye safu ya herufi 30. "Viongozi wanaoshughulikia" ni herufi 25 pamoja na nafasi. "Migogoro" haliingii. Zile nafasi tano zilizobaki zote huangukia pale pamoja baina ya maneno mawili, kwa sababu safu hutakiwa inyooke kulia na kushoto. Mstari wa pili ni mbaya zaidi: "migogoro ya ardhi" ni 17, na "hawakukubaliana" peke yake ni 15, halipiti. Nafasi 13 zinagawiwa matundu mawili. Maneno sita yamekula mistari mitatu, na ukurasa umetoboka kama wavu wa dagaa. Tena herufi zetu si nyembamba. M na w ndizo pana kuliko zote, na sisi tuna mwanamke, wananchi, Wawakilishi.

Dawa ni kulikata neno mwisho wa mstari. Kiswahili ni chepesi kukatwa, kwa sababu karibu kila silabi yetu huishia kwenye irabu. Kiembesamaki ni Ki-e-mbe-sa-ma-ki, unakata popote baina ya hizo. Lakini programu ikiachwa kwenye kanuni za Kiingereza, huona m na b zimefuatana ikapitisha kisu katikati: Kiem-besamaki. Nimewahi kukaa miezi michache karibu na msanifu kurasa wa gazeti moja la Kiswahili, na kila jioni, ukurasa unakaribia kufungwa, alikuwa akishuka na safu kwa kidole juu ya kioo, akitafuta mikato ya namna hiyo na kuirekebisha mmoja mmoja kwa mkono. Hakuna msomaji aliyewahi kumshukuru. Mimi naamini magazeti yetu yangefaa kuwa na safu nne pana kidogo badala ya tano au sita, na ukingo wa kulia uachwe bila kunyooshwa. Ni lugha yetu, ipewe nguo ya kipimo chake.

Kwenye vichwa vya habari, lakini, Kiswahili kilijitafutia njia chenyewe. Tazama kichwa chochote: Rais azindua, Wakulima walia na bei, Mafuta yapanda. Hakisemi "amezindua" wala "wanalia". "Amezindua" ni herufi tisa, "azindua" ni saba, na kwa herufi kubwa za ukurasa wa mbele hizo mbili ni tofauti ya kichwa kuingia na kutoingia. Njeo hii ya -a-, yaani namna hii ya kuonyesha wakati katika kitenzi, sisi wa visiwani tunayo midomoni kila siku. Hata swali la "je, wajua" limeitumia. Magazeti yakaishika kwa sababu ya upana wa safu. Na SMZ, herufi tatu, inabeba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nzima. "Herufi tatu tu, mwandishi," yule msanifu alikuwa akiniambia, "nipunguzie herufi tatu," nami nakaa dakika kumi natafuta neno.

Kazi yote hii huishia kwenye karatasi, na karatasi ina bahari ya kuvuka. Magazeti ya bara, Mwananchi, Nipashe na mengineyo, huchapwa Dar es Salaam na kuja Unguja kwa boti. Kufika Pemba lazima yavuke mara ya pili. Bahari ikichafuka, gazeti la leo linakuwa la jana kabla halijafunguliwa. Karatasi yenyewe hununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Na soko ni dogo: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na gazeti moja barazani husomwa na watu kumi huku aliyelinunua ni mmoja. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 mji huu ulisoma magazeti ya Kiarabu, Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili, yakishindana na kutukanana. Baada ya hapo ukimya ulikuwa mrefu. Gazeti la wiki la Dira, chini ya mhariri Ali Nabwa, lilijaribu kuuvunja, likadumu kama mwaka mmoja tu kabla ya kufungiwa Novemba 2003. Siku hizi la kila siku linalotengenezwa hapahapa ni Zanzibar Leo la Serikali, na mengine tunayasubiri bandarini.

Kisha simu. Kioo cha simu nacho ni safu: shika simu wima uhesabu herufi za mstari mmoja, utakuta karibu zilezile za gazeti. Kwa hiyo jicho halikupata tabu kuhama. Kilichopotea ni ukurasa. Kwenye karatasi, mhariri alikuambia kwa ukubwa wa kichwa na kwa mahali alipoiweka kwamba habari hii ni nzito kuliko ile. Bei ya unga ilitanda safu tano, harusi ya mkubwa ikakaa chini pembeni. Kwenye simu vyote vina kimo kimoja na vinapita kwa kidole kimoja.

Na asubuhi, hata boti haijang'oa nanga Dar es Salaam, picha za kurasa za mbele zimeshazagaa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka Konde, kule Pemba. Watu wanasoma vichwa, wanabishana, wanaendelea na siku yao. Habari zenyewe ndani ya picha zimekuwa ndogo kama chungu, hazisomeki hata ukizivuta. Mwandishi aliyepanda gari mpaka Micheweni kuitafuta habari ile, na msanifu aliyeikata kwa silabi, hawakupata shilingi katika usomaji huo.

Mara ya mwisho nilipokwenda Wete nilinunua bajia za jioni, kwa mama mwingine, kona ileile. Magazeti ya zamani ni ya shida sasa, akaniambia, nayo kazi ya kufungia ilikuwa ikifanywa na karatasi za ofisini zilizotupwa. Nilizila nikakikunjua kipande kama zamani. Mstari wake ulikuwa mrefu, umekatwa kulia na kushoto. Nikasoma: "husika na kuhusu maom". Mstari wa pili: "a tarehe iliyotajwa haw". Nilikigeuza upande wa pili, kilikuwa kitupu.