Mielini si plastiki ya waya

Shuleni tulikaririshwa kwamba neva ni waya wa umeme na mielini, utando unaouzunguka uzi wa neva, ni plastiki yake. Mfano mzuri, ila plastiki ikichunika, shaba ya ndani hubaki na unene uleule. Neva haiko hivyo.

Mtazame panya mdogo wa maabara aitwaye Trembler, jina alilopewa kwa kutetemeka kwake. Ana hitilafu kwenye jeni ya PMP22, ileile ambayo kwa binadamu ikizidi nakala moja huleta Charcot-Marie-Tooth aina ya 1A, ugonjwa wa kurithi wa neva. Seli zake za Schwann, ambazo zingepaswa kujiviringisha kwenye uzi wa neva tabaka juu ya tabaka, huishia kutengeneza mielini nyembamba mno, au hazitengenezi kabisa.

Watafiti walichukua kipande cha neva ya Trembler wakakipandikiza kwenye neva ya panya mwenye afya, nyuzi za huyu mwenye afya zikaota na kupita humo. Kabla ya kipande, uzi ni mnene. Ndani yake umesinyaa, na vijinyuzi vya kiunzi chake vimebanana. Ukitokeza upande wa pili, unanenepa tena. Uzi ni uleule, wa seli moja! Kilichobadilika ni jirani tu.

Kwa hiyo mielini huzungumza na uzi wake siku zote. Kwa wagonjwa wa 1A, kasi ya ishara kwenye neva za mkono kwa kawaida hushuka hadi chini ya mita 38 kwa sekunde, lakini kinachokondesha misuli ya miguu hasa ni nyuzi zenyewe kufa.