Kingamwili ya maabara haikingi mwili

Juzi nimelisikia tena kosa lile. Mtu msomi, anayejua vizuri seli ni nini na protini ni nini, kaona "anti-HSP70" kwenye makala ya utafiti, akasema: kumbe waliizuia HSP70 kwa kingamwili, ndiyo maana seli hazikustahimili joto. Nilinyamaza kwa sababu kikao hakikuwa changu. Sasa naeleza.

HSP70 ni shaperoni: protini inayozishika protini nyingine zinapojikunja, zisije zikagandana na kuwa bonge lisilo na kazi. Kingamwili ya kuitambua, ndiyo hiyo "anti-HSP70", ni molekuli inayoinasa HSP70, ikiwa imebebeshwa rangi ing'aayo au kimeng'enya, au ikifuatwa na nyingine iliyobebeshwa, ili tuone HSP70 iko wapi na ni nyingi kiasi gani. Basi, maana ndiyo hiyo.

(Jina la shaperoni Ron Laskey na wenzake walilitumia mwaka 1978 kwa protini ya mayai ya chura, na John Ellis akalipanua mwaka 1987. Wapo wanaosema "protini mlezi". Mimi napenda "msindikizaji", kwa kuwa anayekusindikiza hukufikisha njiani akarudi, na shaperoni nayo haibaki kuwa sehemu ya protini iliyoisaidia.)

Kinachoniudhi ni neno kingamwili, au tuseme namna linavyotupumbaza. Ni neno zuri. Hata asiyejua baiolojia akilisikia anapata picha ya kitu kinachoukinga mwili, na ndani ya mwili picha hiyo ni sahihi. Ila huko lilikoanzia hapakuwa na mwili wa mtu. Mwaka 1890 Behring na Kitasato walionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyepata kinga ya pepopunda yanaweza kuizima sumu ya ugonjwa huo. Mwaka uliofuata Paul Ehrlich akaandika kwa Kijerumani "Antikörper". Körper ni mwili, kweli, lakini hapo lina maana ya kitu tu, dutu fulani iliyomo kwenye damu. Antikörper ni dutu inayokabili dutu nyingine. Lilipotufikia sisi, hicho kitu kikawa mwili wetu, na mbele yake tukaweka kinga.

"Anti" nayo ina kesi yake. Wengi huitafsiri "dhidi ya", na ukishasema "dhidi ya HSP70" umeshaanzisha vita. Vita ilikuwepo, sikatai, lakini ilikuwa ndani ya sungura. Alidungwa HSP70 au kipande chake, mwili wake ukaiona ngeni, ukatengeneza kingamwili. Zikishavunwa na kutiwa kwenye kichupa, kilichobaki ni umbo linaloshika sehemu ndogo tu ya HSP70. Kushika si kuzuia. Zipo kingamwili ambazo zikishika huzuia pia, lakini hilo huthibitishwa kwa jaribio lake. Halisomwi kwenye jina.

Halafu kuna hii "ya" yetu. "Kingamwili ya sungura" ni ipi: iliyotengenezwa na sungura, au inayoshika kitu cha sungura? Kwenye meza moja, siku moja, zote mbili huwepo. Ya kwanza imetoka kwa sungura na inashika HSP70. Ya pili imetoka kwa mbuzi, inaishika ile ya sungura, na ndiyo iliyobeba rangi. Nimewahi kusoma daftari la maabara lililoandika "kingamwili ya sungura" kwa zote mbili, ukurasa mzima, na picha zake zilikuwa nyeusi tii. Andika "iliyotoka kwa sungura" na "inayoshika ya sungura". Ni maneno machache tu zaidi.

Hata aliyeelewa yote haya anaweza kuteleza. HSP70 ina ndugu yake, HSC70, wanaofanana kwa takriban asilimia 85 ya mfuatano wa asidi amino. HSP70 huongezeka seli ikipata joto. HSC70 imo siku zote, joto liwepo lisiwepo. Kingamwili isiyowatofautisha itang'aa hata kwenye seli zilizotulia kabisa, na mtu ataandika kwamba zilikuwa na mshtuko wa joto.

Nimrudie ndugu yangu wa kikaoni. Kingamwili ni molekuli kubwa, uzito wake ni kama daltoni 150,000, na haipenyi yenyewe utando wa seli hai. Ili iifikie HSP70 ndani ya seli na tuione kwa hadubini, kwa kawaida seli hukazwa kwanza kwa fomaldehaidi, kemikali inayoziua na kuzihifadhi zilivyo, kisha utando hutobolewa kwa sabuni ya maabara. Kwa hiyo "anti-HSP70" ilipomiminwa, zile seli zilikuwa zimeshakufa, na jaribio la joto lilikuwa limeshakwisha. Kama kweli kuna kitu kiliizuia HSP70, rudi kwenye sehemu ya mbinu ukitafute juu ya mstari wa fomaldehaidi. Chini yake ni upigaji picha tu.