Je, wajua kwa nini Glenda Jackson aliacha kuigiza akaenda bungeni akiwa na Oscar mbili?

Mtu akisikia msanii kaingia kwenye siasa anawaza moja kwa moja kwamba kazi zimekauka, sasa anatafuta pa kulia. Kwa Glenda Jackson hiyo haiingii kirahisi, maana huyu mama Mwingereza alikuwa na Oscar mbili za mwigizaji bora wa kike, ya Women in Love na ya A Touch of Class, halafu mwaka 1992 akiwa na miaka 55 akagombea ubunge London kwa tiketi ya chama cha Labour, akashinda, na miaka 23 yote aliyokaa bungeni hakugusa muvi wala steji.

Sasa kilimsukuma nini?

Ukitaka kumwelewa anzia kwao. Kazaliwa 1936 Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool, baba fundi wa kujenga na mama anafanya usafi kwenye nyumba za watu. Shule akaacha na miaka 16 akaenda kuuza kwenye duka la dawa la Boots, miaka miwili yuko kaunta, na kuigiza kulikuwa ni mambo ya jioni tu na kikundi cha mtaani. Baadaye ndo akapata ufadhili wa kwenda RADA, chuo cha maigizo cha London. Mtu aliyelelewa hivyo huwezi kumwambia kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu wake.

Na kazini hakuwa wa kujiremba. Miaka ya 60 mwongozaji Peter Brook alimpa nafasi ya muuaji Charlotte Corday kwenye mchezo wa jukwaani Marat/Sade, kuna sehemu anatakiwa kumchapa mtu viboko, basi akamchapa kwa nywele zake mwenyewe. Mwaka 1971 BBC wakamchezesha Malkia Elizabeth wa Kwanza kwenye tamthilia ya Elizabeth R, akanyoa nywele za mbele kabisa ili paji la uso lifanane na la malkia, hakutaka mambo ya kubandika. Zikaja Emmy mbili, tuzo za televisheni za Marekani. Ila kinachonichekesha mimi ni ile Oscar ya pili: alikwenda kufanya vichekesho kwenye shoo ya televisheni ya wachekeshaji Morecambe and Wise, kavaa kama Cleopatra, mwongozaji Melvin Frank akamwona humo akampa A Touch of Class. Kwenye sherehe za Oscar alizoshinda hakwenda hata moja, na vinyago vyenyewe alimpa mama yake, ambaye alivisugua na kuvisugua hadi dhahabu ya juu ikatoka!

Haya, siasa. Jibu fupi ni Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, wa chama cha Wahafidhina. Mwaka 1987 Thatcher alisema kwenye mahojiano kwamba hakuna kitu kinachoitwa jamii, na Jackson alisimulia mwenyewe kwamba hasira zilimpanda akaenda kujibamiza kwenye mlango wa kioo uliofungwa, nusura avunje pua. Jingine ambalo watu hawalitaji sana ni kwamba alishachoka na nafasi walizokuwa wanapewa wanawake, alilalamika miaka nenda rudi kuwa waandishi hawaoni cha kuandika kuhusu mwanamke. Kwa hiyo hakuwa anaacha karamu iliyonoga, tuseme ukweli.

Kichekesho ni kwamba anaingia bungeni Thatcher keshatoka madarakani, na Labour wenyewe walishindwa uchaguzi huohuo wa 1992, ikabidi akae upinzani miaka mitano. 1997 Labour wakashinda, na waziri mkuu Tony Blair akampa unaibu waziri kwenye usafiri, 1999 akauacha ili autafute umeya wa London na chama hakikumteua. Vita vya Iraq vilipokuja akampinga Blair waziwazi. Uchaguzi wa 2010 alipona kwa kura 42 tu. Ukiniuliza mimi, kwa vyeo hakufika mbali.

Ila kuna siku moja ya Aprili 2013. Thatcher kafariki, bunge limeitishwa kumuenzi, kila mtu anamwaga sifa. Jackson akasimama akasema anavyokumbuka yeye: watu wanalala kwenye milango ya maduka, shule ambazo plasta ya ukutani haidondoki kwa sababu tu imeshikwa na michoro ya watoto na utepe wa gundi, na uchoyo ulioanza kuitwa sifa njema. Wahafidhina wanapiga kelele, yeye anaendelea, na sauti ni ileile ya stejini.

2015 akastaafu ubunge, na mwaka uliofuata, na miaka yake 80, akapanda jukwaa la Old Vic, ukumbi wa maigizo wa London, kucheza King Lear wa Shakespeare, nafasi ya mzee wa kiume ambayo waigizaji vijana wanaikimbia kwa uzito wake. 2018 akabeba tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya jukwaani, huko New York. Muvi ya mwisho, The Great Escaper, alicheza na Michael Caine, akafariki Juni 2023 akiwa na 87 kabla haijatoka. Kama hujawahi kumwona, anza na ile hotuba ya 2013, ipo mtandaoni, halafu ndo umtafute kwenye Elizabeth R.