Ile nyota kali ya kusini ni tatu, na mbili tumezipima uzito

Mvua za Mei zikishaisha na mawingu yakapungua, huku Uganda unaziona nyota mbili kali upande wa kusini, zimekaa karibu karibu, na kila mwaka kipindi hicho watu wananiuliza ni nini zile. Ukiwa Entebbe ni rahisi zaidi sababu ziwa liko mbele yako na upande ule hakuna taa za mji. Mwishoni mwa Juni, mida ya saa tatu usiku, angalia kusini kabisa, kama theluthi moja hivi ya njia kutoka kwenye maji mpaka utosini. Ile ya kushoto, yenye unjano kidogo, ndo Alpha Centauri. Ya kulia yenye weupe wa bluu inaitwa Hadar, na ukiendelea na mstari wa hizo mbili kwenda kulia unaangukia Msalaba wa Kusini.

Usidanganyike na ujirani wao. Alpha Centauri iko miaka 4.37 ya mwanga (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima), hakuna mfumo wa nyota ulio karibu nasi kuushinda, na Hadar iko karibu miaka 390 ya mwanga, yaani haihusiani kabisa na mwenzake, imeangukia tu upande huo huo wa mbingu.

Sasa hii Alpha Centauri ndo nataka kuongelea. Kwa macho ni nyota ya tatu kwa kung'aa usiku, baada ya Sirius na Canopus, ila ule mwanga ni wa nyota mbili zimejumlishwa. Aliyeziona ni mbili kwa mara ya kwanza ni padri Mjesuiti Mfaransa, Jean Richaud, mwaka 1689 akiwa Pondicherry kule India. Jicho lako haliwezi kuzitenganisha hata uwe na macho ya tai, maana jicho zuri linatenganisha vitu vilivyoachana kama sekunde 60 za tao (gawa digrii moja ya pembe mara 3,600, kipande kimoja ndo sekunde moja), na hizi mbili miaka hii zimeachana chini ya sekunde 11. Zile darubini za mkono za watalii pia zinashindwa. Lakini teleskopu ndogo tu ya lenzi ya milimita 60, iliyotulia vizuri kwenye miguu yake, inatosha: unaona moja ya njano, kali, na pembeni yake ndogo zaidi imeelekea rangi ya chungwa. Zinatetemeka kidogo kwa sababu ziko chini angani na unaziangalia kupitia hewa nyingi, ngoja sekunde chache hewa itulie ndo utaona mwanya mweusi katikati.

Kuna mzee mmoja mvuvi aliziangalia kwa teleskopu yangu pale ufukweni, akanyamaza kidogo alafu akauliza, "Mwalimu, na hii ndogo mbona haiangukii ile kubwa?" Hilo swali nimelipenda mno, kwa sababu ndani yake ndo kuna siri ya kupima uzito wa nyota. Nikamjibu, mzee wangu, inaanguka kila siku, ila inakimbia pembeni kwa kasi inayotosha kuikosa. Zote mbili zinazungukana kwenye njia ya duaradufu, mzunguko mmoja unachukua kama miaka 79.8, zikikaribiana zinakuwa mbali mara 11 hivi ya umbali wa dunia na jua, na zikiachana ni zaidi ya mara 35. Zitakaribiana kweli kweli, siyo kwa kuonekana tu toka huku, mwaka 2035, kwa hiyo wengi tunaosoma hapa tutakuwepo.

Na sasa uzito. Wanasayansi wa zamani Kepler na Newton walituachia hesabu ambayo mwanafunzi wa S3 (kidato cha tatu) anaiweza: chukua wastani wa umbali kati ya nyota mbili, ukihesabu kwa kipimo cha umbali wa dunia na jua, uzidishe wenyewe mara tatu, ugawe kwa miaka ya mzunguko iliyozidishwa yenyewe mara mbili. Hapa wastani ni kama 23.4. Sasa 23.4 mara 23.4 mara 23.4 ni kama 12,800, na 79.8 mara 79.8 ni kama 6,370. Gawa. Unapata 2 na kidogo sana, maana yake nyota hizi kwa pamoja zina uzito wa majua mawili! Hakuna aliyeenda kule, hakuna chombo kilichotumwa, ni kuangalia kwa subira tu na kuandika.

Kugawana huo uzito wa majua mawili, kila nyota ina kiasi gani, unaangalia kila moja iko mbali kiasi gani na sehemu wanayoizunguka. Mtu akibeba jerikeni mbili kwenye mti begani, moja imejaa na nyingine imepungua, bega lazima lisogee upande wa ile nzito, na nyota ni hivyo hivyo. Kubwa inatoka kama 1.1 ya jua letu, ndogo kama 0.9.

Bila nyota za aina hii, zinazoishi mbili mbili, tusingejua uzito wa nyota karibu zote. Nyota ikiwa peke yake mbali huko haikupi njia rahisi ya kuipima, unakisia kwa rangi na mwanga wake, na kukisia kwenyewe tulikujifunza kwa hizi zinazozungukana. Ndo maana nikisikia mtu anasema Alpha Centauri ni maarufu tu kwa kuwa karibu, naona ameacha nusu nzuri ya hadithi.

Ukaribu wenyewe pia una historia ya bara letu. Thomas Henderson, Mskoti, alifanya vipimo vya umbali wake akiwa Cape kule Afrika Kusini miaka ya 1832 na 1833, akachelewa kutangaza mpaka 1839, na hapo Mjerumani Bessel alikuwa ameshatangaza umbali wa nyota nyingine mwaka 1838. Alafu 1915 Robert Innes, akiwa Johannesburg, akagundua ya tatu: Proxima, nyota nyekundu hafifu isiyoonekana kwa macho, iko karibu nasi zaidi ya hizo mbili, miaka 4.24 ya mwanga. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba ina sayari inayoizunguka kwa siku 11.2. Ila kama Proxima ni ya familia kweli au ni mpita njia, hilo lilikaa na mashaka mpaka 2017, pale vipimo vya kasi yake vilipoonyesha inazizunguka zile mbili, mzunguko mmoja kama miaka 550,000.

Ukishaziona hizi, sogeza teleskopu kulia kwenye nyota ya chini ya Msalaba, Acrux. Nayo ni mbili, zote nyeupe za bluu, zimebanana zaidi, kama sekunde 4, kwa hiyo ongeza ukuzaji. Zile hazijamaliza hata mzunguko mmoja toka watu waanze kuzitazama, kwa hiyo ile hesabu ya Kepler kwao bado haina namba ya kugawia, yaani miaka ya mzunguko.