Beji ya bluu siyo utetezi

Naandika nikiwa nimekereka, mnisamehe mapema. Nimetumiwa tena picha ya karatasi za madai kutoka kituo cha mahakama cha Northampton, kampuni ya maegesho ikimdai mtu kwa kuegesha kwenye ardhi binafsi, na chini yake sauti ya WhatsApp: "Kaka, hawa watu wamechanganyikiwa, mimi nina Blue Badge." Ndiyo beji ya bluu ya maegesho kwa watu wenye ulemavu. Basi. Hoja imekwisha. Niiandike hivyo kwenye fomu ya utetezi, tutume, tukalale.

Hatulali. Mpango wa beji ile ni wa barabara za umma. Hapa England unaegesha kwenye mistari ya njano hadi masaa 3 ukiweka beji na saa yake ya karatasi, mradi hakuna katazo la kupakia mizigo. Ukishakunja kona ukaingia uwanja wa supamaketi, umeingia ardhi ya mtu. Pale kinachotawala ni mkataba: bango limetaja masharti, wewe umeegesha, kwa hiyo umeyakubali. Kampuni ikikuandikia kwamba mpango wa beji hauwahusu, inasema kweli. Ukienda kwa hakimu na beji peke yake, utashindwa, tena kihalali.

Ila wanaonikera zaidi ni wale wajuaji wanaojibu, "Beji haina kazi kwenye ardhi binafsi, lipa tu yaishe." Wamejua nusu moja wakaanza kufundisha. Kinachokulinda pale ni Sheria ya Usawa ya 2010, na sheria ile haiulizi beji. Inauliza ulemavu: tatizo la mwili au la akili lenye athari isiyo ndogo kwenye shughuli zako za kila siku, lililodumu au litakalodumu miezi 12 au zaidi. Beji ni ushahidi mzuri wa hilo, lakini ni ushahidi tu. Mtu mwenye ugonjwa wa utumbo asiye na beji yoyote anaweza kuwa na kesi nzuri kuliko mwenye beji asiyeeleza kitu.

Vifungu vya 20 na 29 vinamtaka anayehudumia umma afanye marekebisho ya kuridhisha, na wajibu huo ni wa kujiandaa mapema, hasubiri mteja mwenye ulemavu afike ndipo aanze kufikiri. Hapo kampuni hujibu: "Tumechora nafasi pana zenye alama ya kiti mwendo." Vizuri, mmechora. Na muda je? Masaa 2 ya bure kwa anayeruka nje ya gari kama kijana wa bodaboda, na masaa 2 yaleyale kwa mama anayesukuma siti nyuma, anatoa fremu ya kiti mwendo, anapachika gurudumu moja, anazunguka kupachika la pili, anajihamisha kutoka siti hadi kiti, kisha akirudi anaanza upya kinyumenyume. Na kama jirani ameegesha juu ya mstari, mlango haufunguki vya kutosha, itabidi amsubiri mwenye gari amalize kununua vitunguu. Kamera inapiga picha mbili: namba ya gari ikiingia, namba ya gari ikitoka. Yaliyotokea katikati haiyajui.

Kwa hiyo kwenye maelezo ya shahidi usiniandikie "nina ugonjwa wa viungo". Andika dakika. Kutoka garini hadi mlango wa duka, ngapi? Kupumzika, ngapi? Mashine ya kulipia ina urefu gani ukiwa umeketi? Hakimu hawezi kusema dakika 20 za ziada zilikuwa za kuridhisha kama hujampa dakika za kuhesabu.

Halafu kuna kifungu cha 142, ambacho sijui kwa nini watu hukiruka: sharti la mkataba haliwezi kutekelezwa dhidi yako kwa kiasi ambacho linaleta ubaguzi uliokatazwa na sheria hii. Kwa macho yangu hiyo ndiyo ngao yenyewe. Ukitaka fidia kwa kuumizwa hisia ni jambo jingine. Hayo ni madai kinzani, yana ada yake (kipato kikiwa kidogo, omba msamaha wa ada kwa fomu EX160), na muda wake ni miezi 6 tangu kitendo. Kampuni ina miaka 6 ya kukushtaki. Umeona mchezo? Mahakama inaweza kuongeza muda ikiona ni haki, ila usiutegemee.

Barua yako ya kwanza ya rufaa kwa kampuni ndiyo watu wanaiharibu. Ukidai, kwa kifungu cha 15, kwamba umetendewa vibaya kwa sababu ya jambo linalotokana na ulemavu wako, kampuni inaweza kujitetea kwamba haikujua wala haikutegemewa kujua. Ukishawaandikia, mlango huo umefungwa. Lakini angalia: kama barua yao kwa mwenye gari haikufuata Jedwali la 4 la Sheria ya Ulinzi wa Uhuru (Protection of Freedoms Act) ya 2012 (kwa kesi za kamera, ikufikie ndani ya siku 14), wanaweza kumdai dereva tu, na wewe hulazimiki kuwatajia dereva. "Mtu mwenye ulemavu alikuwa ndani ya gari" inatosha. Beji huenda na mtu, na abiria ni mtu.

Sasa yale ambayo vitabu havisemi. Hukumu ya mahakama ya kaunti haimfungi hakimu wa chumba cha pili. Mmoja atakisoma kifungu cha 142 kwa makini, mwingine atakuuliza kwa nini hukununua haraka. Wengine husema mtoa huduma ni duka, siyo kampuni ya maegesho. Mimi naona ni wote wawili, lakini siwezi kukuahidi atakayekusikiliza ataona hivyo. Na wakili wao atakuja na kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, ya 2015: dereva alizidisha dakika 56 kule Chelmsford, akatozwa pauni 85, Mahakama ya Juu ikasema si adhabu haramu. Mjibu kwa utulivu kwamba pale suala la ulemavu halikuamuliwa kabisa.

Mengine haraka. Usitupe barua kwenye pipa. Huo ni ushauri wa kabla ya 2012. Kiri kupokea madai ndani ya siku 14, ndipo upate 28 kwa jumla, badala ya 14, za kuandika utetezi. Ukinyamaza, unahukumiwa bila kusikilizwa. Pauni 70 wanazoongeza juu kama "ukusanyaji wa deni" zipinge kivyake.

Na kwenye fomu N180, ya maswali ya mahakama kabla ya kesi, taja mahitaji yako siku ya kesi: chumba cha chini, mapumziko, mkalimani. Mahakama moja, sitaitaja, ilitupangia ghorofa ya pili, lifti mbovu, kesi yenyewe ya kiti mwendo.