Je, wajua kondoo hujifunza vipi kupambana na minyoo ya tumbo?

Chunga kondoo wawili pamoja baada ya masika, mmoja wa aina ya Dorper, mwingine yule mwekundu wa Kimaasai. Baada ya majuma kadhaa, funua kope zao za chini. Za Dorper huenda zimepauka kabisa. Za Mmaasai bado zina damu. Nyasi walikula zilezile, na mabuu ya minyoo waliyameza wote.

Msumbufu mkuu huku kwetu ni Haemonchus contortus. Jike lake, lenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, lina milia myekundu na myeupe kama uzi uliosokotwa: wekundu ni damu ya kondoo iliyojaa kwenye utumbo wake, weupe ni mifuko ya mayai iliyouzunguka. Hukaa katika tumbo la nne la kondoo, hunyonya damu, na kwa siku moja huweza kutaga mayai 5,000 hadi 10,000.

Mwili wa kondoo unamfanya nini? Bakteria humezwa na seli nyeupe za damu, basi. Mnyoo hamezeki, ni mkubwa mno. Kwa hiyo mwili hutafuta njia ya kumfukuza au kumfanya aishi kwa taabu. Mwanakondoo akivamiwa mara ya kwanza, ulinzi wake ni wa polepole. Lakini vipande vya protini za mnyoo hufikishwa kwenye mitoki, vile vituo vya ulinzi wa mwili, na huko seli hujifunza kumtambua na kutengeneza kingamwili, yaani protini za kumnasa. Mabuu wapya wakija baadaye, seli zilizotegwa ukutani mwa tumbo humwaga kemikali iitwayo histamini, ute huzidi, na seli ziitwazo eosinofili huwazingira mabuu na kuwamwagia kemikali kali. Wengi hushindwa kutulia. Wanaonusurika hudumaa, na jike aliyedumaa hutaga mayai machache.

Mwaka 1929 Norman Stoll, mtafiti wa Marekani, alieleza jambo la ajabu zaidi: kondoo waliomeza mabuu wapya waliwatoa hata minyoo wakubwa waliokuwa wamekwisha kukita kambi tumboni.

Somo hili huchukua muda. Mwanakondoo wa chini ya miezi 5 au 6 bado ni mwanafunzi dhaifu, ndiyo maana wadogo hufa kwanza. Tena kinga ina gharama: kingamwili na ute vyote hutengenezwa kwa protini. Kondoo jike akikaribia kuzaa, na wiki za kwanza za kunyonyesha, protini huenda kwenye maziwa, ulinzi hulegea, na mayai ya minyoo huongezeka kwenye kinyesi chake, wakati uleule mtoto anapoanza kuonja majani. Kwa maoni yangu, mfugaji mwenye lishe kidogo ya protini aiweke kwa mama huyo kabla ya wengine wote.

Na yule mwekundu? Majaribio ya miaka ya 1990 huko Diani, pwani ya Kenya, yalionyesha kuwa wana wa Kimaasai walitoa mayai machache ya minyoo, walipungukiwa damu kidogo na walikufa wachache kuliko Dorper. Kinga bado ilibidi waipate kwa kuambukizwa. Walichorithi ni wepesi wa kuijenga. Dorper huwashinda kwa mwili mkubwa, na hapo ndipo wafugaji wengi walipovutwa.

Chanjo ipo pia, iliyoanza kuuzwa Australia mwaka 2014, na ujanja wake unanifurahisha. Imetengenezwa kwa protini za utumbo wa mnyoo mwenyewe, ambazo kondoo hakutani nazo akiambukizwa kwa kawaida. Akichanjwa, damu yake hujaa kingamwili dhidi ya protini hizo. Mnyoo huzinywa pamoja na damu, nazo hunasa ndani ya utumbo wake hadi ashindwe kumeng'enya chakula. Ila kwa kuwa maambukizi ya kila siku hayaukumbushi mwili protini hizo zilizofichika, kinga hufifia, na msimu wa minyoo ukiwa mkali sindano hurudiwa kila baada ya majuma 6 hivi.